Hedifoni ya Maana na Sikio Linaloanza: Mwongozo kwa Watu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Anayenunua hedifoni ya bei kwa mara ya kwanza huwa anangoja mshtuko. Amezoea iafoni, zile ndogo za kuingiza sikioni, za stendi za shilingi mia tatu, zinadunda mpaka fuvu linatikisika, naye anapiga hesabu: kama za mia tatu zinafanya hivi, za elfu thelathini si zitaniangusha? Kisha mzigo unafika, anaivaa, na haanguki. Besi ipo kiasi chake, mwimbaji anaimba, gitaa linalia. Anaivua, anaigeuzageuza, anaanza kumshuku muuzaji.

Mara nyingi muuzaji hana kosa. Hedifoni nzuri haikuongezei chochote kwenye wimbo, inaacha tu kuufichaficha, na sikio lililozoea kudundiwa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuona tofauti hiyo. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinahusu kununua kidogo na kusikiliza sana.

Hatua ya 1: Anza na chumba chako

Kabla hujauliza bei, jiulize utasikilizia wapi. Hedifoni kubwa za kufunika sikio ziko za aina mbili. Za wazi zina wavu au matundu upande wa nje, sauti inapita kwenda na kurudi. Zilizofungwa zina ganda gumu nyuma, sauti inabaki ndani. Hedifoni nyingi zinazosifiwa sana na wapenzi wa muziki ni za wazi. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na bado inauzwa, ni ya wazi. Muziki wake una nafasi, hausikiki umebanwa katikati ya masikio.

Lakini hiyo Sennheiser haikuundwa ikiwa na Kondele akilini. Hedifoni ya wazi haizuii kelele hata kidogo. Tuktuk ikipita nje, imepita ndani ya wimbo wako. Jirani wa ploti akikaanga omena, utasikia mafuta. Mvua ya jioni ya Kisumu ikianza kupiga mabati, weka hedifoni chini ukapike chai, kwa sababu ukiongeza sauti ili uishinde mvua utaumiza masikio na mvua bado itashinda. Na mwenzako aliyelala kando yako atasikia kila unachosikia, ila kwa sauti nyembamba ya kuudhi.

Uamuzi wangu ni huu. Kama una chumba tulivu, tuseme nyumba ya Milimani yenye ua, au boma nje ya Kakamega ambako usiku ni wa vyura tu, nunua ya wazi. Kama unakaa karibu na barabara au mko wawili chumbani, nunua iliyofungwa. Beyerdynamic DT 770 Pro na Audio-Technica ATH-M50x ni za studio, zimezoea kupigwa na kuvutwa. Na kama usikilizaji wako mwingi ni ndani ya matatu ya kwenda Busia, achana na hizo kubwa kabisa. Chukua iafoni za waya zenye mpira wa kuziba tundu la sikio. Kampuni za Uchina kama Moondrop, KZ na Truthear zimeshusha bei ya sauti nzuri kiasi kwamba ya dola 20 leo haikutii aibu, na kelele inazuiliwa vizuri kuliko hedifoni kubwa nyingi zisizotumia umeme.

Hatua ya 2: Ijue nguvu ya simu yako

Hapa ndipo wanaoanza hutishwa. Wataambiwa lazima wanunue amplifaya ya kuongeza nguvu, na kigeuzi cha sauti cha kugeuza namba za faili kuwa umeme wa hedifoni, na waya wa shaba maalum. Pumua kwanza.

Kila hedifoni ina ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa Ohm. HD 600 ina Ohm 300. DT 770 Pro inauzwa kwa matoleo tofauti: Ohm 32, 80 na 250. Kwa kawaida Ohm zikipanda, simu inatakiwa itoe volti nyingi zaidi ili usikie sauti ileile. Lakini usihukumu kwa Ohm peke yake. HiFiMAN HE400se ina Ohm 25 tu, ilhali ni nzito kuendesha, kwa sababu haiitikii umeme kwa wepesi: inataka mkondo mwingi kabla haijatoa sauti ya kutosha. Kwa hiyo soma namba zote mbili kwenye karatasi ya vipimo: Ohm, na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inazotoa kwa miliwati moja. Chini ya desibeli 95 hivi, tarajia kuhitaji msaada.

Simu nyingi za sasa hazina tundu la jeki. Utahitaji adapta ya USB-C yenye kigeuzi cha sauti ndani yake. Ile ya Apple, ambayo Marekani inauzwa dola 9, ni nzuri kupita umbo lake, na kwa DT 770 ya Ohm 80 au iafoni yoyote inatosha ukiwa chumbani. Jihadhari: toleo lake la Ulaya linatoa volti nusu tu ya lile la Marekani, na kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka chini mpaka utumie programu inayoiendesha moja kwa moja.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chagua wimbo uliorekodiwa taratibu, panda mpaka robo tatu ya sauti ya simu. Ukiwa umeridhika na bado kuna nafasi juu, huhitaji amplifaya. Ukifika mwisho na bado unataka, unaihitaji. Basi. Waya wa bei ghali siuzungumzii. Kama wako haukatikikatiki ukiutikisa, una waya mzuri.

Ukisikiliza kwa laptopu na kuna mvumo mwembamba usioisha, chomoa chaja. Ukipotea, tatizo ni umeme wa chaja hiyo wala si hedifoni.

Hatua ya 3: Nunua baada ya kusikia

Maduka ya Oginga Odinga Street yamejaa za bluetooth, na humo feki zenye majina makubwa ni nyingi. Hedifoni ya daraja hili utaagiza Nairobi au nje ya nchi. Ukiagiza nje, weka kando hela ya forodha, ikiwemo VAT ya asilimia 16, maana mzigo wa "dola mia mbili" hauingii nchini kwa dola mia mbili.

Ila kuna njia ambayo wengi hawaifikirii. Studio ndogo za kurekodi zilizoko Kisumu na Nakuru, na mafundi wa mitambo ya kanisani, wana hedifoni za studio. Mwombe fundi wa kanisa lenu, siku ya mazoezi ya kwaya, si Jumapili asubuhi akiwa na joto la mikrofoni kumi. Nenda na simu yako na nyimbo zako. Nusu saa hapo itakuambia mengi kuliko sifa za mtandaoni za mwezi mzima.

Zilizokwisha kutumika ni nafuu, na hedifoni za waya huzeeka kwa heshima. Kabla hujatuma M-Pesa, fanya haya mbele ya muuzaji: piga wimbo wa sauti moja tu na usikie kama mwimbaji yuko katikati kabisa au ameegemea upande, tikisa waya pale unapoingia kwenye kikombe na pale jeki inapoanzia, bonyeza pedi, ile mito inayogusa masikio, uone kama zinarudi. Pedi zilizochakaa si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguziwa bei. Upande mmoja kuwa chini kuliko mwingine ni sababu ya kuondoka.

Hatua ya 4: Ivae sawasawa

Mpwa wangu wa Nakuru alinipigia simu amekasirika.

"Anko, hii kitu imekufa. Haina besi kabisa."

"Umeivaaje?"

"Kawaida tu. Juu ya marvin."

Nakuru asubuhi ni baridi, simlaumu. Lakini hedifoni iliyofungwa hutegemea pedi kushikana na ngozi pande zote za sikio. Mwanya mdogo tu, na besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Kofia, rasta, na mikono minene ya miwani vyote huacha mwanya. Sukuma nywele nyuma ya sikio, vaa pedi chini ya msuko na si juu yake, jaribu bila miwani usikie tofauti. Kwa iafoni za mpira, badilisha ukubwa wa mpira mpaka kelele ya nje ishuke ghafla. Wengi hutumia mdogo mno, kisha wanasema iafoni ni nyembamba sauti.

Angalia herufi L na R. Ingiza jeki mpaka ilie "tak": isipofika mwisho, utasikia kinanda na gitaa vimeenda mbali na mwimbaji ametoweka, kama toleo la karaoke. Wapo waliorudisha mzigo dukani kwa sababu hiyo tu.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, zima kila kinachojifanya kuboresha muziki: Dolby, besi ya ziada, sauti ya pande zote. Hizo zilitengenezwa kuokoa spika ndogo.

Utaambiwa pia uiache ipige usiku kucha kwa saa mia ili "ilainike". Wanaopima kwa vyombo hawaoni mabadiliko ya maana ndani ya kile kinachotoa sauti. Kinacholainika ni pedi, kwa joto la kichwa chako, na sikio lenyewe. Usiilipie umeme.

Hatua ya 5: Safisha chakula unachoilisha

Hedifoni mbaya huficha faili mbaya. Nzuri inaianika. Zile nyimbo zilizojazwa kwenye flashi kwa shilingi hamsini, zilizotolewa kwenye video zikabanwa tena mara mbili, utazijua kwa kayamba na matoazi: yanasikika yana majimaji, yanachurura badala ya kulia. Kulibadilisha faili hilo kuwa FLAC, aina ya faili isiyotupa sauti yoyote, hakurudishi kilichokwisha tupwa.

Ndani ya programu ya muziki unayoilipia, tafuta mpangilio wa ubora na uupandishe. Kilobiti 320 kwa sekunde zinatosha kabisa kuanzia, na kwa saa moja zinakula kama megabaiti 144 za bando. Faili zisizobanwa kwa hasara, za ubora wa CD, zinaweza kula mara mbili ya hizo au zaidi, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Apple Music imetoa ubora huo bila malipo ya ziada tangu 2021. Ukweli ni kwamba kati ya 320 nzuri na CD, anayeanza hatasikia tofauti, na wazoefu wengi pia hawaisikii wakifunikwa macho. Kati ya rekodi nzuri na rekodi mbovu, hata nyanya yako ataisikia.

Tena usichanganye faili mbaya na rekodi ya zamani. Benga nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitolewa kwenye sahani ndogo za santuri, baadaye zikahamishwa kwenye kompyuta. Utasikia sindano ikikwaruza, na kwa zile za mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, kila kitu kitakaa katikati ya kichwa chako. Hilo ndilo lililokuwemo, hedifoni haikuongeza wala haikupunguza.

Hatua ya 6: Wiki za kusikiliza

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chagua nyimbo chache unazozijua kwa moyo, na kwa siku kadhaa usibadilishe. Usikimbilie nyimbo za majaribio ambazo watu wa nje wanazisifu. Hujui zinapaswa kusikikaje, utapimaje?

Nyatiti ni mwalimu mzuri kuliko wote ninaowajua. Ina nyuzi nane. Mpigaji huvaa pete kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ubao wa ala ileile anayoipiga kwa vidole vya mikono, na njuga zimefungwa mguuni. Kwa iafoni za stendi, pete ile na nyuzi nene huungana kuwa mvumo mmoja. Kwenye hedifoni nzuri, tafuta mgongano wa pete na ubao: uko kavu, unakuja na kukatika, na nyuma yake kuna mlio wa ubao. Ukishaupata, jaribu kuufuata peke yake dakika mbili bila kupotelea kwenye uimbaji. Ni kazi, na mara ya kwanza utapotea.

Kwa besi, tumia isukuti. Ngoma hizo za Waisukha na Waidakho hupigwa kwa seti ya tatu: ya kiume, ya kike na ya mtoto, kila moja na kimo chake. Swali lako lisiwe "inadunda kiasi gani?" Uliza "ninasikia ngoma ngapi?" Ukizihesabu tatu na ukajua ni ipi imeingia sasa hivi, unasikia besi kwa maana ambayo iafoni ya kudunda haikuwahi kukupa. Hapa ndipo mpwa wangu alipobadilisha lugha.

Benga nayo ina gitaa linaloongoza, la pili linalojibu, na la besi linalotembea badala ya kusimama. Subiri pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanakaza mwendo. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata gitaa la juu, mara ya pili la pili, mara ya tatu la besi tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwisho kabisa, kwaya ya kanisani bila ala: jaribu kumtaja mwimbaji wa sauti ya tatu anavuta pumzi wapi.

Tarajia nini kwa wakati gani? Siku za kwanza ni mseto wa furaha na masikitiko, na hakuna kati ya hizo mbili unayopaswa kuiamini. Ubongo umezoea ladha ya kitu cha zamani na unaichukulia kuwa ndiyo ukweli. Kadiri siku zinavyokwenda, utaanza kusikia vitu pembeni ya nyimbo ulizozijua tangu utotoni: kiti kikilia studio, mpiga ngoma akihesabu. Usiirudie ya zamani katika kipindi hicho. Baada ya wiki tatu au nne, ivae tena. Wengi husema ni kama mtu amewatupia blanketi juu ya muziki, na hapo ndipo wanapojua walilipia nini.

Jambo moja la kukinga: ukilinganisha hedifoni mbili, sawazisha sauti kwanza. Inayopiga juu kidogo tu, hata kwa desibeli moja, sikio litaiita bora. Wauzaji wanalijua hilo.

Na "ukumbi mpana" unaousoma katika sifa? Punguza matumaini. Hata za wazi haziwezi kukuketisha mbele ya bendi. Zinasogeza ala hatua chache nje ya masikio. Ni raha, ila si uwanja wa Moi.

Kuhusu afya, kuna mtego. Iafoni mbovu ukiipandisha inakwaruza, inakuonya. Hedifoni safi haikwaruzi, unapanda nayo bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatwa nusu, ukifika 90 umebakiwa na saa nne tu za wiki nzima. Masikio yakivuma baada ya kuivua, ulikuwa juu mno. Na ukiwa juu ya boda, ivue.

Hatua ya 7: Sasa gusa ikwalaiza

Ikwalaiza ni programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu. Si kabla ya sasa. Ukiigusa siku ya kwanza utairudisha hedifoni ifanane na iafoni ya stendi. Baada ya mwezi utakuwa unajua unachokosa. Kwenye Android, programu ya Wavelet ina marekebisho tayari kwa maelfu ya hedifoni, yaliyotolewa kwenye mradi wa AutoEq. Kwenye Windows kuna Equalizer APO. Punguza kuliko kuongeza. Ukitaka besi zaidi, ongeza desibeli tatu chini ya hezi (kipimo cha kimo cha sauti) 100 hivi na ushushe sauti ya jumla kiasi hichohicho, la sivyo itapasuka.

Kuna kitu ambacho mazoea hayatibu: sauti kali za juu. Beyerdynamic DT 990 Pro inajulikana kwa ukali huo, herufi "s" zinachoma. Kama bado zinakuchoma baada ya wiki mbili, zishushe kwa ikwalaiza, na isiposaidia, iuze. Sikio lako halina deni kwa mtengenezaji.

Hatua ya 8: Itunze, na usikimbilie ya pili

Joto la Kisumu huyeyusha subira ya ngozi bandia. Pedi za ngozi bandia hukutoa jasho, kisha huanza kumenyuka vipande vyeusi vinavyobaki shingoni. Pedi za kitambaa cha mahameli zinapumua vizuri zaidi. Nakuru unaweza kuishi na zozote. Futa jasho kila ukimaliza, acha zikauke nje ya mfuko, usiache hedifoni ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwenye aina nyingi za studio pedi huchomolewa na kubadilishwa kwa mkono, na waya wa HD 600 vilevile, jambo ambalo ni sababu nzuri ya kuzichagua kuliko za bluetooth ambazo betri ikifa zimeisha.

Ukishawashwa na hamu ya kupanda daraja, jua kwamba ngazi inazidi kuwa fupi: kutoka ya mia tatu hadi ya elfu kumi ni mruko mkubwa, kutoka elfu arobaini hadi elfu themanini unaweza kuhitaji kutulia sana ili uuone. Kama una ya wazi, ya pili iwe iliyofungwa au iafoni ya safari, usinunue ndugu yake mwenye jina refu zaidi. Na kabla ya hiyo, agiza pedi mpya za hii uliyonayo. Pedi zikishalala na kuwa bapa, hedifoni inabadilika sauti polepole kiasi kwamba hutagundua, mpaka siku utakapoweka mpya.